Aliyepoa Moyo Asilaumiwe Kwanza

Mfaranyaki, kama kata nyingine za Manispaa ya Songea, haina uhaba wa mawaidha kuhusu ari ya kazi. Utayasikia kijiweni kwa bodaboda, kwenye kikao cha kikoba, kanisani na msikitini, redioni asubuhi, na kwenye sauti zilizorekodiwa zinazorushwa kutoka simu moja hadi nyingine. Mengi yanasemwa kwa nia njema. Lakini nimeona yanavyowaumiza watu. Kijana anafunga banda lake la cherehani akiamini Mungu hakumuumbia moyo wa kazi. Mama anajitoa kwenye kikundi kwa aibu baada ya kuambiwa hana mwamko, wakati alichokikosa ni mtu wa kumsomea hesabu ya hisa zake.

Nimeona niyachukue madai yanayorudiwa mno na kuyajibu moja baada ya jingine. Ari yenyewe siipingi hata kidogo. Mtu anayeamka akiitamani kazi yake ana utajiri ambao haupimwi kwa gunia, na mara nyingi ndiye pia anayefika mbali. Ninachokataa ni habari tunazopeana kuhusu ari inatoka wapi na inakufaje, kwa sababu tukikosea hapo tunawalaumu wasiostahili lawama na kuwaacha wanaostahili.

"Ari mtu huzaliwa nayo"

Wanaosema hivi hutazama watu wawili waliolelewa nyumba moja, mmoja mchangamfu kazini na mwingine mzito, wakahitimisha kwamba damu imeamua. Tabia hutofautiana, sibishi. Ila hamu ya kazi fulani ni jambo jingine, na hiyo hukua.

Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na karakana walizozianzisha huko zimetoa vizazi vya maseremala, waashi na mafundi chuma ambao kazi zao zimesimama Songea nzima. Hakuna aliyezaliwa akiipenda randa. Wiki za kwanza randa humchubua mwanafunzi viganja, na ubao humkatalia. Mapenzi huja siku kiungo cha kwanza kinapoingia bila kuchechemea na meza ikakaa chini kwa miguu yote minne. Kabla ya siku hiyo kinachomweka karakanani ni mwalimu, ratiba, na wenzake anaotaniana nao.

Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hili. Waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya kuvutia kuhusu mashimo meusi ya angani, wengi wakasisimka. Kisha wakawapa makala ngumu ya kitaalamu juu ya mada hiyo hiyo. Walioamini kwamba mtu ana shauku yake ya kuzaliwa nayo, inayongoja kugunduliwa, ndio walioporomoka zaidi makala ilipowawia ngumu. Waliokuwa wakiamini shauku hulelewa walistahimili zaidi. Kwa hiyo dai hili lina kosa jingine juu ya kosa: anayeliamini huacha mapema. Yule kijana wa cherehani alipokutana na kola ya shati ikamshinda, tayari alikuwa na jibu alilopewa na watu wazima. Hukuzaliwa fundi. Akafunga.

"Hayo ni mambo ya vijana"

Hili halihitaji maneno mengi. Kimani Maruge wa Eldoret, Kenya, aliingia darasa la kwanza Januari 2004 akiwa na miaka 84, baada ya nchi yake kufuta ada ya shule za msingi. Mwaka uliofuata alisimama New York, Umoja wa Mataifa, kuitetea elimu. Bi Kidude wa Zanzibar alipokea tuzo ya kimataifa ya WOMEX mwaka 2005 akiwa bibi kizee, na akaendelea kupanda jukwaani karibu mpaka alipofariki Aprili 2013. Tukimwambia mzee wa miaka 60 apumzike kwenye mkeka kwa sababu "umri umeenda", tunamvua kitu ambacho mwili wake bado unakibeba.

"Amini tu, itawezekana"

Katika mji huu dai hili ni zito kuliko penginepo, na sitaki kulijibu kwa haraka.

Mwaka 1905, katika Vita vya Majimaji, maji ya dawa ya Kinjekitile Ngwale yalisafiri kutoka Umatumbi yakafika Ungoni. Ahadi yake tunaijua sote: risasi za Mjerumani zingegeuka maji. Imani ile ilifanya jambo kubwa ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake. Iliwaunganisha watu wa makabila mengi, wengine waliokuwa wakipigana wao kwa wao, dhidi ya dhuluma moja. Heshima hiyo haifutiki. Lakini imani haikuzuia risasi. Tarehe 27 Februari 1906 makumi ya mashujaa walinyongwa hapa Songea, na Nduna Songea Mbano naye akanyongwa baada yao. Mashamba na maghala yakachomwa, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko bunduki zenyewe. Kila Februari tunakusanyika Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka.

Anayemwambia kijana wa leo "amini tu" anampa nusu ya kwanza ya historia yetu na kumficha nusu ya pili. Imani huwakusanya watu. Baada ya hapo lazima mtu aulize: adui ana nini mkononi, sisi tuna nini, na isipowezekana leo tutakula nini kesho? Kijana anayekopa kufungua duka la vifaa vya simu kwa sababu mhamasishaji amemwambia hofu ndiyo adui pekee, hajapewa ari. Amepewa maji.

Na kama tunataka mfano wa ari idumuyo, tuutazame ukoo wa Nduna. Kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani. Wazao wake wameendelea kukiulizia kizazi baada ya kizazi, bila ahadi ya nani atakirudisha wala lini. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akakutana nao, akaomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Miaka 117 ilikuwa imepita tangu kitanzi. Watu hao hawakushikiliwa na matumaini ya kesho asubuhi. Walijua wanachokidai, walijua ni haki yao, na hawakukidai kila mtu peke yake. Hayo matatu naomba msomaji ayakumbuke, maana yatarudi nikifika kwenye kijiji cha Litowa.

"Mwenye ari hachoki"

Huchoka. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Alimaliza marathoni kwa saa 2:09:48, muda ule ule aliopewa Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na picha ya mstari wa mwisho. Nchi nzima ilizungumzia mita zile za mwisho. Mimi huvutiwa zaidi na miaka iliyotangulia. Rio mwaka 2016 alikuwa wa tano. London mwaka 2017 alipata shaba. Kisha ikapita miaka minane ya mashindano ya dunia na Olimpiki bila medali. Hakuna mkimbiaji wa marathoni anayevuka miaka minane kwa kukimbia kila siku kwa nguvu zote. Zipo siku za kukimbia polepole, zipo siku za kulala, na wiki za mwisho kabla ya shindano mazoezi hupunguzwa kwa makusudi. Mapumziko ni sehemu ya kazi, na kocha huyaandika kwenye ratiba kama anavyoandika kilomita.

Sasa mlinganishe na dereva wa bodaboda anayetoka alfajiri kwenye baridi ya Juni, anayetakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni iwe abiria wamepatikana au hawakupatikana, na Jumapili naye yuko barabarani. Baada ya miezi kadhaa anaanza kuwajibu abiria kwa ukali na kuichukia ile pikipiki. Watu husema amebadilika. Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii mwaka 2019 kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na ufanisi kushuka. Shirika hilo lilisema wazi kwamba chanzo ni msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Mtu wa namna hiyo hahitaji hotuba. Anahitaji siku moja ya wiki isiyo na hesabu.

"Penye nia pana njia"

Methali hii naipenda inaposemwa na mtu kujitia nguvu mwenyewe. Inaposemwa na aliyeshiba kumwambia aliyekwama, inakuwa tusi.

Ruvuma ni mmoja wa mikoa inayoilisha nchi mahindi, na wakazi wengi wa mjini hapa wana mashamba nje ya mji. Nia ipo. Mkulima ananunua mbolea ya kupandia na ya kukuzia, anapalilia Januari mgongo ukimuuma, anavuna, anapukuchua, anapanga magunia. Mwaka 2017 mavuno yalikuwa mazuri, na mwezi Juni Serikali ikazuia mahindi kwenda nje ya nchi. Bei ikaanguka. Ghala la Taifa haliwezi kununua mahindi ya kila mtu. Mkulima aliyepunguza ekari msimu uliofuata hakuwa ameishiwa nia. Alikuwa amepiga hesabu vizuri. Msimu uliporahisishwa kwa ruzuku ya mbolea mwaka 2022, wengi walijitokeza kuandikishwa bila kuhubiriwa na mtu.

Ndivyo ilivyo hata kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ilisitishwa ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Vikundi vilivyokuwa vimeandika katiba, vimefungua akaunti na kujaza fomu vikabaki vinangoja, na baadhi ya wanachama wakatawanyika. Mtu aliyetawanyika kwa kungojeshwa anapoitwa "asiye na ari", tumemgeuza mwathirika kuwa mkosaji. Mara nyingi njia ikionekana ndipo nia inapoamka.

"Tumbo kwanza, ari baadaye"

Hapa nakubali nusu. Mwenye njaa haulizwi kuhusu ndoto zake. Nusu nyingine ndiyo inayonitia shaka: ile inayosema tungoje kwanza hali iwe nzuri, ari itakuja yenyewe.

Katika kijiji cha Marienthal, Austria, kiwanda cha nguo kilichokuwa tegemeo la karibu kila nyumba kilifungwa mwanzoni mwa mwaka 1930. Watafiti walioongozwa na Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuwachunguza wanakijiji, na kitabu chao kikatoka mwaka 1933. Mtu angetegemea kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi, wangekutana zaidi, wangefanya siasa zaidi. Wakakuta kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua kwa karibu nusu. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimama simama, kwa kuwa hapakuwa na wanakokwenda. Kungoja kwenyewe kulikuwa kumekula ari.

Hivyo mtu akikosa kazi Mfaranyaki, tusimwambie atulie mpaka mambo yatakapokuwa mazuri. Kibustani cha mboga, zamu ya kufagia ofisi ya kikundi, kumsaidia jirani kupiga tofali, hata kama malipo ni kidogo, vinamhifadhia kitu kisichorudi kirahisi kikishapotea. Lakini chakula kisisahauliwe. Vijana nitakaowataja sasa walijifunza hilo kwa uchungu.

"Watu wetu bila kusukumwa hawafanyi kitu"

Hili ndilo dai ninalolichukia kuliko yote, na jibu lake liko mkoani kwetu, Songea vijijini, Litowa.

Mwaka 1960, kabla hata ya uhuru, vijana wa TANU Youth League walikwenda Litowa kuanzisha kijiji cha kulima pamoja. Hawakutumwa. Jaribio la kwanza lilivunjika chakula kilipowaishia. Wangekuwa wavivu, habari ingeishia hapo. Walirudi, safari hii wakiwa wamejipanga zaidi, na katibu wao Ntimbanjayo Millinga akawa mhimili wa kazi ile. Mwaka 1963 wakaunda jumuiya ya maendeleo ya Ruvuma, iliyojulikana kwa herufi RDA. Mwingereza Ralph Ibbott alikuja kuishi nao pamoja na mkewe na watoto, kama mshauri. Kijiji kikazaa kijiji. Kufikia mwaka 1969 vilikuwa 17.

Naomba msomaji atazame jinsi vijiji hivyo vilivyokuwa vikiendeshwa, maana ndimo jibu lilimo. Anayejiunga alijiunga kwa hiari, na anayetaka kuondoka aliondoka. Kazi zilipangwa na mkutano wa wanakijiji wenyewe, wanawake kwa wanaume. Mavuno na mapato yaligawanywa kwa utaratibu walioupanga wao na kuuona kwa macho. Walipata mashine ya kusaga mjini Songea na mashine ya kupasua mbao, zikawa mali yao. Litowa ilikuwa na shule ambako watoto walisoma na kulima, na jinsi ilivyoendeshwa ilimgusa Mwalimu Nyerere. Mwaka 1967 alipoandika kuhusu elimu ya kujitegemea na kuhusu ujamaa vijijini, mfano hai ulikuwa huku kusini, nyumbani kwetu.

Nani aliwasukuma? Hakuna. Walijua wanachokitaka, kilikuwa chao, na walikuwa pamoja. Ni yale matatu niliyoyataja kwa ukoo wa Nduna.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA. Kulikuwa na viongozi ambao hawakupenda kuona wanakijiji wakijiamulia mambo bila wao. Mali za jumuiya zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishwa. Kisha kikaja kipindi cha kusukuma. Mwishoni mwa mwaka 1973 kuishi katika vijiji kulifanywa lazima kwa nchi nzima, na kufikia mwaka 1976 mamilioni walikuwa wamehamishwa, wengine nyumba zao zikichomwa ili wasirudi. Nchi ilipata vijiji vingi mno kuliko 17. Ile ari ya Litowa haikuonekana humo. Mashamba ya pamoja yalilimwa shingo upande, na watu walirudi jioni kwenye vishamba vyao wenyewe wakiwa na nguvu ambazo asubuhi walisema hawana.

Mahali pamoja ushirika uliendelea. Matetereka, leo katika Halmashauri ya Madaba, wanakijiji walishikamana kwa miaka mingi baada ya jumuiya kuvunjwa, hadi miaka ya 1990. Hawakuwa watu wa damu tofauti na majirani zao. Walikuwa wameianza kazi ile wenyewe.

Jambo hili linaonekana hata leo, kwa kipimo kidogo, kijiweni. Dereva wa hesabu na dereva wa mkataba huendesha pikipiki zilezile, barabara zilezile, kwa baridi ileile. Wa mkataba anajua tarehe ambayo pikipiki itakuwa yake. Mtazame anavyoifuta matope jioni. Mtazame anavyosikiliza injini. Tofauti haiko kwenye malezi ya mama zao. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wamejenga nadharia nzima juu ya hili: mtu hudumu katika kazi akiwa na sauti katika uamuzi, akiona anaiweza, na akiwa na watu anaowahesabu kuwa wake. Teresa Amabile na Steven Kramer walisoma maelfu ya maandishi ya shajara za wafanyakazi, wakaandika mwaka 2011 kwamba kinachowapa watu siku nzuri kazini kuliko kingine ni kuona wamesogea, hata kidogo, katika kazi yenye maana. Litowa walilijua hilo bila shajara.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vikundi, wenye karakana, wenye pikipiki na wazazi wa Mfaranyaki. Kasha la kikoba lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Likifunguliwa, someni hesabu kwa sauti mpaka mwanachama wa mwisho aseme ameelewa ana hisa ngapi. Mpe dereva siku ya mapumziko na tarehe ya kumaliza mkataba, kwa maandishi. Mwanafunzi wa cherehani akimaliza shati la kwanza, alivae au aliuze, na fedha azione. Na kabla hujamwita mtu mvivu, muulize msimu uliopita alipata nini mkononi, na nani aliyeamua kiwe hicho.